Msinipandie Mti

Mama,

Leo nimekuja na kiti cha plastiki, karatasi na kalamu. Nikikaa chini kama siku zile zingine nitalia, na sikuja kulia, nimekuja kugombana na wewe. Najua mtu hagombani na marehemu. Mchungaji akinisikia ataniombea, na shangazi atasema Wawira alizaliwa na kichwa kigumu. Lakini ni wewe uliyenizoesha kumwambia mtu neno usoni, na sasa umelala hapo huwezi kunikatiza. Basi nisikilize mpaka mwisho.

Kwanza habari za nyumbani. Kilima chetu cha Karima kimekwisha. Miti yote ya mukau uliyopanda tangu mimi nikiwa mgongoni mwako, na ile migunga tuliyotundika mizinga, yote ilikatwa, halafu ikaja mashine ya manjano ikang'oa visiki. Kilima kizima sasa ni vioo vyeusi vya sola, safu juu ya safu, vinatazama juu. Asubuhi vinameta hata ndege wa bwawani wanadanganyika. Juzi korongo alitua hapo akidhani ni maji, akatembea juu ya vioo akitafuta samaki, akaondoka na aibu yake. Nilicheka peke yangu, nikageuka nikuambie, nikakumbuka.

Nyuki walihama. Kundi moja liliingia kwenye dari ya kanisa, na Jumapili hiyo mchungaji alihubiri kwa ufupi kuliko siku zote, kwa hivyo wako waliofurahi. Mbuzi wako wanachungwa barabarani siku hizi kwa sababu fensi imefunga njia. Waya za stima zinapita juu ya paa zetu zikielekea mbali, na Mama Runji, jirani yako na mwenzako wa kikundi chetu cha kupanda miti, bado anapika kwa kuni. Ile siku ya kufungua mradi alikuwa amevaa fulana ya kampuni. Sasa anasema stima inampita juu kama ndege ya kwenda Ulaya. Kuni alizokuwa akiokota Karima anazitafuta mpaka kule ng'ambo ya mto. Nilitaka kumkumbusha ile fulana, nikaacha, kwa sababu miguu yake imevimba na mimi si mnyama.

Sasa tuje kwa lililonileta.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipasua kokwa za mukau kwenye kivuli cha jikoni? Mbuzi wamekula matunda, wametema kokwa zizini, sisi tumeziokota asubuhi na kuziosha. Wewe na kisu na kipande cha gogo, mimi na bakuli la maji. Ulikuwa ukiniambia nipasue polepole, mbegu ya mukau ni kama mtu mwenye kiburi, ukimlazimisha atoke atatoka amevunjika. Siku moja, ukiwa umeanza kukohoa lakini hujaanza kulala mchana, uliweka kisu chini ukasema, "Siku yangu ikifika nitatamka neno juu ya Karima, na hakuna mtu atakayeinua shoka." Hukusema kwa mzaha. Uliniangalia mpaka nikaitikia.

Ulikuwa unazungumzia kirumi, na wewe unajua kuliko mimi kirumi kinavyotisha hapa Mbeere. Neno la mwisho la mzazi juu ya shamba lake halivukwi. Yule mzee wa nyumba ya pili alikatazwa na baba yake kitandani asiuze ule upande wa mto, akauza, na mpaka leo mbuzi wake akipiga chafya watu wanasema ni ule upande wa mto. Mchungaji anatuambia hayo ni mambo ya giza, lakini yeye mwenyewe alipotaka kujenga kanisa aliuliza kwanza kama kiwanja kina kirumi. Kwa hivyo uliposema vile, mimi niliona Karima imepona. Nililala vizuri kwa muda mrefu, Mama, kwa sababu ya sentensi moja yako.

Na nilihitaji kulala vizuri, kwa sababu kikundi chetu kilikuwa kimeshapasuka. Zamani tulikuwa na adui mmoja, lori la makaa. Likipita Siakago limefunikwa turubai, sote tulijua wa kumchukia. Halafu watu wa jua wakaja na viatu vyao visafi, wakasema wanatafuta kilima kisicho na mawe mengi, na ghafla Mama Runji na mimi tukawa hatusalimiani. Nilikuwa nikidhani watu wanaopenda mazingira ni kanisa moja. Kumbe ni madhehebu, na kila dhehebu lina mbingu yake na jehanamu ya kuwapeleka wengine.

Ule mkutano wa Embu mjini nilikusimulia nusu tu, nikuambie nusu nyingine. Kijana wa kampuni alisema dunia inaungua, na miti peke yake haitaizima, kwamba kila mahali penye jua pana deni kwa watoto watakaozaliwa. Alisema vizuri, sikatai, hata mimi nilitikisa kichwa kidogo. Nikasimama nikamuuliza kwa nini dunia ikiungua sisi ndio tunanyolewa. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa Kibugu, mkulima wa majani chai, akasema msitu ni wa Mungu usiguswe hata ukuni mmoja, na mtu akamuuliza majani yake yanakaushwa na moto wa nini. Akaketi. Kila mtu pale alikuwa na kitu alichokuwa akikikalia, Mama, na mimi nilijiona ni mimi peke yangu niliyesimama wima.

Hapo ndipo nilipokutana na Mutwiri wa Mikinduri, yule mkulima wa miraa anayeongoza vikundi vya kupinga miradi mikubwa kule Meru. Alinishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Dada, wewe ndio sauti yetu." Mtu akiambiwa hivyo anavimba. Mimi nilivimba.

Ireri hakuvimba. Mwanao huyo aliendelea tu kupanda juu ya paa za watu na kufunga sola, na jioni akirudi ananiambia, "Wewe Wawira unapenda miti kuliko watu." Mimi nilimjibu kwamba yeye anapenda vioo kuliko mama yake. Ulikuwa kwenye kiti chako ukisikia yote. Ulivuta blanketi ukasema chai ina majani machache.

Nakumbuka siku alipoileta ile mashine ya kukupa hewa, na stima ikapotea hata kabla hatujamaliza kuifurahia. Midomo yako ilibadilika rangi na mimi nilikuwa nakupepea na kifuniko cha sufuria kama mjinga. Kesho yake Ireri alifunga sola na betri nyingine juu ya paa lako, akashuka akiwa amejikwaruza mikono yote. Tangu siku hiyo mashine haikunyamaza. Ulikuwa ukiiangalia ikinguruma pembeni ya kitanda unasema, "Huyu anapumua badala yangu." Nilidhani ni utani. Sasa nafikiri hapo ndipo uliponiacha.

Siku uliyokufa mimi nilikuwa Mikinduri. Mutwiri alikuwa ameita mkutano karibu na soko, watu wamejaa, wakanitania kwanza kwamba nimetoka nchi ya muguka, majani ya watu wasioweza kununua miraa, nami nikawaambia muguka unafanya kazi na miraa inapiga domo. Wakacheka, wakanipenda. Halafu nikawaambia habari zako. Nikasema, Mama yangu yuko kitandani lakini neno lake liko tayari, na akilitamka hakuna kampuni, hakuna serikali, hakuna hata mtoto wake wa kumzaa atakayegusa Karima. Wamama walipiga vigelegele. Nilikuwa bado nimesimama juu ya lile kreti la soda simu ilipoita, na Ireri akasema, "Rudi nyumbani. Mama ametuacha."

Nilipofika walikuwa wameshakupeleka mochari. Kitanda kilikuwa kimetandikwa na mashine imezimwa, na ule ukimya wake ndio uliniambia kwamba ni kweli. Ireri alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, hakuniangalia. Ni shangazi aliyeniketisha jikoni, akaniambia kwa Kimbeere, neno kwa neno, kwa sababu kirumi hakifupishwi. Ulitoa mpira wa hewa puani mwenyewe. Ukamshika Ireri mkono. Ukasema, "Juu ya Karima sikatazi kitu. Jua lije. Na kaburini kwangu msinipandie mti, kivuli chake kitaangukia vioo. Atakayepanda mti hapo, mimi na yeye hatujuani."

Nilimwomba shangazi arudie. Akarudia. Nikamwambia amekosea, akasema, "Mwanangu, mimi ni mzee lakini masikio yangu hayajafa."

Wewe, Mama. Wewe ambaye ulipandia kila marehemu wa ukoo huu mti. Baba ana wake, nyanya ana wake, hata yule mtoto wa Mama Runji aliyezaliwa akiwa ameshafariki ulimpandia, na ukamwambia mama yake asipite hapo akilia, apite akiuimbia. Kaburi lako ndilo peke yake lililo uchi. Watu wakija kukuona wanasimama juani wameweka mikono juu ya macho. Na mimi, niliyejifunza mikononi mwako kupasua kokwa bila kuumiza mbegu, mimi ndiye uliyenikataza. Ireri hangepanda mti hata angelipwa. Shangazi mgongo hauruhusu. Yale maneno yalinilenga mimi, Mama, ulijua kabisa nani angekuja na jembe.

Nitakuambia kinachoniuma, na si miti. Miti nimeililia nikamaliza. Kinachoniuma ni kwamba ulibadilisha mawazo tukiwa kwenye nyumba moja, mimi nakupikia uji kila asubuhi na wewe unaniuliza mkutano ulikuwaje. Nilikuwa nakueleza nilivyowajibu. Ulikuwa unatabasamu. Uliniacha niende Mikinduri nikapande juu ya kreti na kuapa kwa jina lako, na ulijua. Ungesema tu, "Wawira, nimechoka na moshi, nimeona upande wa Ireri." Ningekasirika, ningekaa siku mbili bila kukuongelesha, halafu ningekuletea uji. Wewe ulinionaje, kwamba siwezi kuambiwa?

Basi wengine nao wakachukua zamu yao. Siku ya kukuzika Ireri alisimama mbele ya watu wote akasema, "Tusidanganyane. Ni moshi wa kuni ulimuua Mama." Daktari alikuwa amesema hivyo hivyo, sikuwa na la kubisha. Lakini watu waligeuka wakaniangalia mimi, kana kwamba ndimi niliyekuwa nikiwasha ule moto miaka yote, si wao pia.

Nilimpigia Mutwiri. Yeye na watu wake hawakuja mazishini, nikadhani ni mbali. Akaniambia, "Pole sana dada. Lakini hiyo stori ya mama yako saa hii itatuharibia. Wacha tushikilie zile zingine." Hakuuliza ulikufaje. Hakuuliza hata jina lako, na nilikuwa nimelitaja juu ya lile kreti mpaka sauti ikakauka.

Na watu wa jua ndio walikupenda sasa. Siku ya kufungua mradi walitundika bango kubwa getini, uso wako na kile kitambaa chako cha buluu, na chini wameandika Mama wa Miti Aliyechagua Jua. Ile picha naijua, niliipiga mimi pale kitaluni, ulikuwa umeshika mche wa mukau mbele ya kifua kama mtu aliyeshika mjukuu. Mche hawakuuacha. Wamekukata hapa shingoni. Nilimuuliza Ireri ni nani aliyewapa, akasema ni yeye, kwamba waliomba picha nzuri ya Mama na hiyo ndiyo ilikuwa nzuri. Kuhusu mche alisema hakujua. Namwamini, na bado sijala kwake tangu siku hiyo.

Umeona sasa? Upande mmoja ulikuchukua ukakata mche, upande mwingine ulitutupa sisi wawili pamoja. Na wewe ndiye uliyefungua mlango.

Mpaka hapo nilikuwa nimepanga barua iishe. Ningekuambia kwaheri kwa ukali, nichukue kiti changu, nirudi nyumbani. Lakini wiki hii kuna kitu nimekiona, na siwezi kukuficha ingawa wewe uliweza kunificha.

Hapa kichwani pako, upande wa Karima, kumetoka chipukizi. Si nyasi. Nimepiga magoti nikaangalia majani yake, nikavunja kipande kidogo nikanusa. Ni mukau. Hakuna aliyepanda, naapa, kokwa hazioti hivyo peke yake, wewe mwenyewe ulisema zina kiburi. Hiki kimetoka kwenye mzizi.

Nikakumbuka ulivyochagua mahali hapa. Ulikuwa bado unatembea na fimbo. Ulitupitisha mahali pengi pazuri, penye udongo laini, ukafika hapa chini ya ule mukau mkubwa ukagonga fimbo ukasema, "Hapa." Ireri alisema panaonekana pagumu, ukamwambia wewe ndiye utakayelala, si yeye. Siku ya kuchimba, vijana walikutana na mzizi mnene kama paja. Walisimama, wakatia muguka mdomoni, mmoja akasema, "Huyu mama ametutafutia kazi." Ireri akataka wasogeze shimo kidogo. Mjomba akakataa, mahali alipoonyesha mtu hapasogezwi. Wakaukata kwa shoka. Halafu mukau wenyewe ulienda na mashine pamoja na mingine, lakini mashine haikuchimba huku upande wa kaburi, na kipande cha mzizi kikabaki ndani na kidonda chake, kando yako.

Na nani alinifundisha? Nilikuwa msichana, mche umekufa kitaluni nimeununia, ukanipeleka kwenye mti mzima, ukachimba kidogo na jembe ukajeruhi mzizi, ukaniambia nisubiri. Ulisema, "Mukau haupendi kubembelezwa. Ukitaka ukujibu, uumize mzizi." Na mzizi ulijibu kweli kwa chipukizi, mvua ilipokuja.

Kwa hivyo ulijua. Au hukujua? Nimekaa hapa tangu jua likiwa upande ule mwingine najiuliza. Kama ulijua, basi ulimdanganya Ireri huku umemshika mkono, na yeye maskini anajivunia ile baraka mpaka leo. Kama hukujua, basi ulinisaliti mimi peke yangu, na hiki ni kijiti tu kimejitokea. Siwezi kusema ni lipi ninaloliombea. Ningependa sana uwe ulinichagua, Mama, halafu namkumbuka Ireri na mikono yake iliyokwaruzwa, na nakasirika kwa niaba yake.

Nilienda kwa shangazi nikamuuliza kwa mbali, kama swali la mtu mwingine, kwamba mti ukijiotea penye kirumi cha kutopanda inakuwaje. Aliacha kuchambua pojo. Akasema, "Kirumi ni maneno. Yaliyosemwa yamesemwa. Yasiyosemwa hakuna aliyeyasema." Halafu akaniangalia akauliza kama ni kirefu. Nikamwambia kinafika kwenye kifundo cha mguu. Akarudi kwenye pojo zake, kisha akaniwekea muthokoi, yale mahindi yake ya kukoboa, nibebe.

Ulisema tusikupandie. Hukusema tung'oe. Mama, mtu aliyepanda miti maisha yake yote anajua tofauti ya hayo mawili.

Jumamosi ni zamu ya Ireri kufyeka hapa. Huja na panga yake, hufyeka kaburi lako vizuri kuliko uwanja wa nyumba yake, hawezi kuacha hata jani moja. Atakiona. Ningeweza kukificha na nyasi, ningeweza kukizungushia miiba, lakini nyumba hii imeshafichana vya kutosha na mimi sitaendeleza.

Basi nakuaga. Lala, na usidhani nimekusamehe, labda mvua ijayo tutaongea. Ninakuahidi hivi. Sitapanda mti kaburini kwako, kwa sababu ulikataza na mimi ni mtoto wako. Hiki sitakimwagilia maji, usije ukasema nimekuzunguka. Lakini Jumamosi Ireri akija atanikuta nimekaa kwenye kiti hiki, chipukizi kikiwa katikati ya miguu yangu. Nitamwambia yote, ya fimbo, ya mzizi, ya kidonda, nimwache aamue na panga mkononi. Yeye ndiye uliyemshika mkono. Nami ndiye uliyenifundisha kusubiri.

Mwanao ambaye bado amekasirika,

Wawira